Kupinga barua ya uhamisho: mwongozo kwa watumishi wa umma nchini Kenya

Majaji wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi wamelirudia jambo moja katika hukumu nyingi: kuhamisha wafanyakazi ni uwezo wa mwajiri, na korti haitakalia kiti cha afisa wa rasilimali watu ili iamue nani aende Lodwar na nani abaki Thika. Mtumishi anayekwenda kortini kusema tu kwamba kituo kipya ni mbali, watoto wako shuleni na mkopo wa nyumba bado haujaisha, kwa kawaida hutoka mikono mitupu. Kesi za uhamisho hushinda au kushindwa kwa maswali matatu: nani aliyeamua, aliamua kwa utaratibu gani, na sababu yake halisi ilikuwa ipi. Kila hatua iliyo hapa chini inalenga kukusanya majibu ya maswali hayo mapema, kwa maandishi.

Isome barua mstari kwa mstari

Anza na tarehe tatu: ya kuandikwa, ya kupokewa na ya kuripoti. Tuseme barua imeandikwa tarehe 3, ikakufikia tarehe 12, na inakutaka uwe kituo kipya tarehe 15. Mwajiri atasema alikupa siku 12. Wewe umepata siku 3, tena huenda mbili kati yake ni Jumamosi na Jumapili. Tofauti hiyo haina maana kortini bila uthibitisho, kwa hiyo unapotia sahihi nakala ya ofisi andika "nimepokea", tarehe na saa, kisha upige picha ukurasa huo. Ikiwa barua imekuja kwa WhatsApp au baruapepe, usiufute ujumbe wenyewe hata kama umeshauchapisha. Ushahidi wa kielektroniki unatakiwa uambatane na hati chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na hati hiyo hueleza jinsi ujumbe ulivyotolewa, na kwenye simu au kompyuta gani. Simu ikipotea au ujumbe ukifutwa, anayeitia sahihi hati hiyo hana cha kueleza.

Tazama aliyetia sahihi. Katika serikali kuu, uhamisho hufanywa na Katibu wa Wizara au afisa aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi. Walimu huhamishwa na Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), na polisi wana tume yao na kanuni zao. Kwenye kaunti ndiko kuna utata. Kubadilisha kituo ndani ya idara moja mara nyingi hutiwa sahihi na Afisa Mkuu wa idara au Katibu wa Kaunti, lakini kuajiri, kupandisha au kushusha cheo na nidhamu ni kazi ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Barua ya idara ikikuondoa kwenye kada yako, ikikushusha, au ikikupeleka kwa mwajiri mwingine kabisa, hiyo imevuka mipaka ya uhamisho, na swali la mamlaka linaweza kuwa hoja yako ya kwanza. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa gavana uwezo wa kuwapangia upya Maafisa Wakuu wa kaunti. Kinawahusu wao tu; si kibali cha kumhamisha muuguzi wa zahanati kwa tamko la jukwaani.

Kisha sababu. Barua nyingi husema "kwa mahitaji ya utumishi" na kuishia hapo. Maneno hayo peke yake hayaharamishi uhamisho, ila humwacha mwajiri pabaya akiulizwa mahitaji yapi na akakosa kujibu. Hatimaye teremka hadi chini, kwenye orodha ya nakala. Watu wengi hawaisomi. Ikiwa nakala imepelekwa kwa kamati ya nidhamu au kwa mkaguzi wa hesabu za ndani, una dalili kwamba kuna tuhuma nyuma ya barua inayojiita ya kawaida. Na ikiwa mkuu wa kituo unachopelekwa hajapewa nakala, uliza mapema kama huko kweli kuna nafasi ya kada na daraja lako.

Weka barua hii pamoja na barua yako ya ajira. Usishangae ukikuta humo sentensi kwamba unaweza kupangiwa kazi popote nchini. Wakili wa serikali ataisoma kabla ya kitu kingine chochote.

Kuripoti au kutoripoti

Hapa ndipo watumishi wengi hupotezea kesi zao, na kwa njia mbili zinazopingana.

Ya kwanza ni kukaa nyumbani. Mtumishi anaona barua si halali, anaikataa kwa mdomo, na tarehe ya kuripoti inapita akiwa hana amri ya korti. Mshahara unasimamishwa, barua ya kujieleza inafuata, na baada ya wiki chache kesi haihusu uhamisho tena bali utoro. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaweka kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu ya halali miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi papo hapo. Rufaa uliyoandika, hata iwe nzuri kiasi gani, haisimamishi uhamisho kwa kuwepo kwake tu. Kinachousimamisha ni barua ya mwajiri au amri ya mahakama.

Ya pili ni kuripoti kimya kimya, kukabidhi ofisi, kupokea posho ya uhamisho, kisha kwenda kortini miezi minne baadaye. Jaji atauliza unataka kusimamisha nini ilhali ulishahama, kiti chako kina mtu mwingine na pesa ulizipokea. Kesi haijafa, kwani uamuzi bado unaweza kubatilishwa, lakini amri ya muda imekuponyoka na ukimya wako utasomwa kama kukubali.

Njia iliyo salama inategemea hesabu ya siku. Ikiwa zimebaki siku za kutosha, lenga kuwasilisha kesi chini ya hati ya dharura, yaani hati inayoiomba korti isikilize kesi haraka, kabla ya tarehe ya kuripoti na kabla hujapewa barua ya kuachiliwa na kituo cha zamani. Ikiwa hazitoshi, ripoti, lakini siku hiyo hiyo au kabla yake wasilisha barua yenye maneno kama haya:

"Ninaripoti katika kituo cha ______ leo tarehe ______ kwa kutii maagizo ya barua yenye kumbukumbu nambari ______. Kuripoti kwangu si kukubali uhalali wa uhamisho huo, ambao nimeukatia rufaa kwa barua yangu ya tarehe ______, na ninahifadhi haki zangu zote za kisheria."

Barua hiyo ipigwe muhuri wa kupokewa kwenye vituo vyote viwili. Sekretari akikataa kupiga muhuri, itume kwa baruapepe rasmi na kwa posta ya rejista siku hiyo hiyo, na utunze risiti. Kama wewe ni mgonjwa, usitumie ugonjwa kama kisingizio cha kutoripoti bila karatasi: ruhusa ya ugonjwa iwe imeandikwa na daktari anayetambulika na ifike kwa mwajiri kabla ya tarehe ya kuripoti.

Wengine hukimbilia kujiuzulu wakidhani watadai kwamba wamesukumwa nje. Dai la namna hiyo lipo katika sheria ya Kenya, ila mzigo wote wa kulithibitisha uko kwako, na uhamisho mmoja usiopendeza ni vigumu kuubeba peke yake.

Hoja zinazosimama, na zinazoyumba

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinaorodhesha mahali pa kazi kati ya mambo yanayopaswa kuandikwa kwenye mkataba, na kifungu kidogo cha 5 kinasema mambo hayo yakibadilika, mwajiri aurekebishe mkataba kwa kushauriana na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Hii ndiyo hoja inayotajwa zaidi katika kesi hizi. Nguvu yake hutegemea ile sentensi ya "popote nchini". Ikiwa mkataba wako unataja kituo kimoja bila kuacha mlango wazi, hoja ni imara. Ikiwa mlango uko wazi, itegemeze kwa nyingine.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali, yenye mantiki na yenye utaratibu wa haki, pamoja na sababu za maandishi anapoathirika. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaifafanua katika kifungu cha 4: taarifa ya mapema, nafasi ya kusikilizwa, kuelezwa haki ya kukata rufaa, na kupewa sababu na nyaraka. Tusidanganyane hapa. Si kila jaji anakubali kwamba uhamisho wa kawaida wa kikazi unahitaji kikao cha kusikilizwa. Wanachokubaliana ni kwamba pale uhamisho unapomwathiri mtu kwa namna ya pekee, au unapotokana na tuhuma dhidi yake, hauwezi kufanywa gizani.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni kwamba uhamisho ni adhabu iliyovikwa joho la utumishi. Kifungu cha 236 cha Katiba kinamlinda afisa wa umma asifukuzwe, asishushwe cheo wala asichukuliwe hatua ya kinidhamu bila kufuata sheria. Ili uithibitishe unahitaji mfuatano wa tarehe. Kwa mfano: tarehe 2 uliandika barua kulalamikia dawa zilizopotea stoo, tarehe 9 mkubwa wako alikutishia kwenye mkutano, na kumbukumbu za mkutano zipo, tarehe 16 ukaandikiwa uhamisho, peke yako kati ya watu sita wa kada yako waliokaa kituoni muda sawa na wako. Panga hayo katika ukurasa mmoja, kila mstari ukiwa na tarehe, tukio na karatasi inayolithibitisha. Ukurasa huo utamsaidia jaji kuliko kurasa ishirini za malalamiko.

Ikiwa uliripoti hongo, soma kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo ya 2016. Kinataja waziwazi kumhamisha mtoa taarifa au shahidi kwenda mahali pa kazi pasipofaa, pamoja na kumshusha cheo na kumfukuza, na kinaifanya hatua hiyo kuwa kosa la jinai lenye faini isiyozidi Sh1 milioni au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ili kikulinde lazima uonyeshe kwamba taarifa ilitangulia uhamisho, kwa hiyo nambari ya kumbukumbu ya ripoti yako kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) au polisi ni karatasi ya dhahabu.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wana kinga dhidi ya kubaguliwa kwa kazi za chama chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri huenda ukawa na kipengele mahsusi kuhusu kuwahamisha. Mwombe katibu wa tawi nakala ya mkataba wenyewe. Usitegemee ulichosikia kwenye mkutano. Mimba, ulemavu na ugonjwa sugu nazo huingia chini ya kifungu cha 27 cha Katiba na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira, lakini tu ikiwa mwajiri alijulishwa kabla ya kuamua. Ripoti ya daktari iliyopatikana wiki moja baada ya barua ya uhamisho hutiliwa shaka na kila anayeisoma. Anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki anahitaji barua ya hospitali inayotaja ratiba hiyo, na ushahidi kwamba kituo kipya hakina huduma hiyo karibu.

Hoja nyingine isiyotumiwa vya kutosha ni sera ya mwajiri mwenyewe. Taasisi nyingi zina mwongozo unaosema uhamisho ufanywe baada ya miaka kadhaa kituoni, au ufanyike likizo za shule, au upitie kamati ya ushauri ya rasilimali watu. Mwajiri akivunja kanuni aliyoiandika mwenyewe, huhitaji kuthibitisha nia mbaya. Omba kumbukumbu za kikao cha kamati kilichokupitisha. Mara nyingine huwa hakipo.

Mambo yanayoyumba yataje kwa ufupi tu: mwenzi kufanya kazi mji mwingine, ada za shule, gharama ya maisha. Yana kazi moja, kuonyesha madhara wakati wa kuomba amri ya muda. Yakiwa ndiyo kesi nzima, kesi haipo.

Barua mbili za kuandika siku moja

Ya kwanza ni rufaa kwa aliyekuhamisha au aliye juu yake. Iwe ya ukurasa mmoja na nusu, isizidi mbili. Itaje nambari ya barua, tarehe uliyoipokea, hoja zako tatu au nne kila moja na aya yake, unachoomba (kufuta uhamisho, au kuuahirisha hadi tarehe fulani, au kituo mbadala), na siku unayotarajia jibu. Usimtukane mtu. Barua hii itakuwa kiambatisho kortini, na wakili wa upande wa pili atasoma kwa sauti kila neno la hasira. Mwalimu kwa kawaida huipitisha kwa mkuu wa shule na mkurugenzi wa TSC wa kaunti, na nakala huenda makao makuu.

Ya pili ni ombi la sababu na nyaraka. Chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala, aliyeathirika ana haki ya kupewa sababu za maandishi na nyaraka zinazohusika, na mwajiri asipozitoa, uamuzi huchukuliwa kwamba ulifanywa bila sababu nzuri mpaka athibitishe vinginevyo. Dhana hiyo ni silaha kubwa, ila haizaliwi bila ombi la maandishi. Taja pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inampa afisa wa umma siku 21 kuamua ombi. Akikataa au akinyamaza, unaweza kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Omba vitu vinavyojulikana kwa jina: kumbukumbu za kikao, orodha ya waliohamishwa pamoja nawe, sera ya uhamisho inayotumika, barua iliyomkabidhi mamlaka aliyetia sahihi. Ukiomba "nyaraka zote", utajibiwa kwamba ombi halieleweki.

Kwa mtumishi wa kaunti kuna ngazi moja zaidi ambayo ukiiruka kesi yako inaweza kufutwa kabla haijasikilizwa. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaruhusu rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi. Ukichelewa, tume inaweza kuipokea kama mazingira yanastahili, lakini usijengee mpango wako juu ya huruma hiyo. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 kinakataza kwenda mahakamani kwa mambo yaliyo chini ya mamlaka ya tume kabla ya njia hiyo kumalizika, na Mahakama ya Rufaa ilisisitiza mwaka 2017 kwamba ngazi hiyo ya rufaa haina budi kutumika kwanza.

Na ikiwa tarehe ya kuripoti ni keshokutwa? Kifungu cha 9 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala kinairuhusu korti kumsamehe mtu wajibu wa kumaliza njia za ndani katika hali za kipekee. Msamaha huo huombwa. Wakili anayesubiri pingamizi la upande wa pili ndipo aanze kueleza udharura amechelewa. Ombi la kusamehewa liandikwe kwenye hati za mwanzo kabisa, likieleza kwa nini rufaa ingefika baada ya madhara kutokea. Wengine hufanya yote mawili: wanakata rufaa kwa tume, na kortini wanaomba tu hali ibaki ilivyo hadi tume iamue. Kwa watumishi wa kaunti hiyo ndiyo njia tunayoiona bora, kwa sababu inampunguzia jaji hofu ya kuingilia kazi ya tume.

Kufungua kesi

Mahakama yenyewe ni ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliyoundwa chini ya kifungu cha 162 cha Katiba. Ina vituo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Eldoret na miji mingine. Mahakimu walioteuliwa maalum husikiliza baadhi ya migogoro ya ajira ya watu wenye mishahara isiyozidi Sh80,000 kwa mwezi, lakini ombi la kikatiba au la mapitio ya mahakama (korti kukagua jinsi uamuzi ulivyofanywa) dhidi ya uamuzi wa uhamisho lipeleke kwa jaji. Hati huwasilishwa kwa mtandao wa idara ya mahakama, na ada hulipwa humo humo.

Kuna milango mitatu. Ombi la kikatiba hufaa pale ubaguzi, adhabu bila kusikilizwa au ukiukaji wa haki nyingine ndio kiini. Mapitio ya mahakama hufaa pale kasoro iko kwenye mamlaka au utaratibu na karatasi zinajieleza zenyewe. Amri ya kubatilisha uamuzi iombwe ndani ya miezi 6. Dai la kawaida la ajira, lenye ukomo wa miaka 3, hufaa ukidai posho au fidia ya kuvunjwa mkataba. Kosa linalojirudia ni kuingia kwa mlango wa mapitio ilhali ukweli wenyewe unabishaniwa: wewe unasema ulitishiwa, mkubwa anakana. Mapitio kwa kawaida huamuliwa kwa hati za kiapo bila mashahidi kuhojiwa, na panapokuwa na neno lako dhidi ya lake, mwenye mzigo wa kuthibitisha ndiye anayeanguka.

Mashtaki yaelekezwe kwa chombo chenye uwezo wa kushtakiwa. Mkuu wa hospitali si mwajiri wako. Kaunti na bodi yake ndio. Kwa serikali kuu, mtaje Katibu wa Wizara na Mwanasheria Mkuu. TSC hushtakiwa kwa jina lake yenyewe.

Bahasha ya dharura huwa na hati ya dharura inayotiwa sahihi na wakili, au na wewe ukijiwakilisha. Ombi lenye orodha ya amri unazotaka. Hati ya kiapo uliyoapa mbele ya kamishna wa viapo. Viambatisho vilivyopigwa nambari. Na ombi kuu au dai, kwani ombi la dharura haliwezi kuelea peke yake. Viambatisho vya lazima ni barua ya ajira, barua ya uhamisho, rufaa yako na uthibitisho wa kupokewa, ombi la sababu, hati za mshahara za miezi 3 ya mwisho, na ule ukurasa wa mfuatano wa tarehe.

Andika amri unayoitaka kwa maneno yasiyoweza kupindishwa. "Hali ibaki ilivyo" ni maneno hatari. Ikiwa siku amri inatolewa kuna mtu ameshakaa kwenye dawati lako, mwajiri atasema hali ilivyo ni kwamba wewe umeondoka. Badala yake omba kwamba utekelezaji wa barua nambari fulani ya tarehe fulani usimamishwe, na mwombaji aendelee kufanya kazi katika kituo fulani kwa cheo na mshahara uleule hadi ombi lisikilizwe.

Ili upate amri hiyo, jaji atapima mambo ambayo korti za Kenya zimeyatumia tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: kama una kesi yenye mashiko, kama utapata madhara yasiyolipika kwa pesa, na kama mizani inaelemea upande gani. Kwenye ombi la kikatiba masilahi ya umma pia hupimwa. Hapo pesa inakukwamisha, kwa kuwa nauli na kodi ya nyumba hulipika. Matibabu yanayokatika, likizo ya uzazi, usalama wa mtoa taarifa, au kuondolewa kwa kiongozi wa chama wiki moja kabla ya uchaguzi, hayo hayalipiki kirahisi.

Usifiche kitu. Kama uliwahi kuomba uhamisho mwenyewe mwaka juzi, kama una kesi ya nidhamu, kama ulishapokea posho, sema katika hati ya kiapo na ueleze. Amri iliyopatikana bila upande wa pili kusikilizwa hufutwa mara tu ikigundulika kwamba jambo muhimu lilifichwa, na jaji aliyefichwa jambo mara moja hakuamini tena hata pale unaposema kweli. Tarajia pia kwamba mara nyingi jaji hatatoa amri siku ya kwanza. Ataagiza hati zipelekwe kwa mwajiri na atoe tarehe ya karibu ya kuwasikiliza wote wawili. Ndiyo maana kuwasilisha kesi saa kumi jioni ya siku ya mwisho ni kama kutowasilisha.

Amri ikishatoka

Ichukue nakala yenye muhuri, iwekewe onyo la adhabu kwa atakayeidharau, na ipelekwe kwa mkono kwa afisa mwenye jina anayepaswa kuitekeleza. Anayeipeleka aape hati ya kuthibitisha siku, saa na mahali. Bila hati hiyo, ombi la kumwadhibu mtu kwa kudharau mahakama halina miguu. Kisha rudi kituoni na uanze kazi, hata ukikuta mlango umefungwa. Tia sahihi daftari la mahudhurio, na ukinyimwa daftari, andika baruapepe kila asubuhi kwamba umefika. Mwisho wa mwezi kagua kama jina lako limehamishiwa orodha ya mishahara ya kituo kingine. Hilo hutokea hata bila nia mbaya, kwa kuwa aliyeketi kwenye kompyuta ya mishahara hajaiona amri.

Ukishinda, uamuzi hubatilishwa, na korti yaweza kuongeza fidia ikiwa haki ya kikatiba imevunjwa. Ukishindwa, notisi ya kukata rufaa iwasilishwe ndani ya siku 14, na rekodi ya rufaa ndani ya siku 60 baada ya notisi. Katika kipindi hicho ripoti kazini kituo kipya, isipokuwa umepata amri nyingine.

Anayeamua kuhama, iwe kwa hiari au baada ya kushindwa, adai haki zake kabla ya lori kupakiwa. Posho ya uhamisho mara nyingi ni sawa na mshahara wa msingi wa mwezi mmoja, pamoja na gharama za kusafirisha mizigo na nauli ya familia kwa viwango vya mwongozo wa mwajiri. Kwa kawaida aliyeomba kuhama mwenyewe halipwi. Hapa maneno ya barua yana thamani ya pesa. Ikiandikwa "kwa ombi lako" ilhali hukuomba, taka irekebishwe kwa maandishi mara moja.

Hukumu ya kubatilisha uhamisho haikufungi kituoni milele. Mwajiri anaweza kuanza upya kesho yake, akakushauri, akatoa sababu na kukupa muda wa kutosha, na barua hiyo ya pili ikasimama. Ikifika, irudie kazi ile ile: tarehe tatu, sahihi, sababu, orodha ya nakala. Na ikiwa imeandikwa siku tatu baada ya hukumu, na mtu yule yule, bila kikao chochote, ipeleke kwa wakili siku hiyo hiyo ikiwa pamoja na hukumu ya kwanza.